Kabla hujaipeleka nyumba mnadani mtandaoni: mwongozo kwa muuzaji wa Mtwara na Lindi

Mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji kuelezwa mnada ni nini. Kila mwaka kuanzia Oktoba, hata asiye na mkorosho mmoja anajua jana MAMCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima, wameuza kwa shilingi ngapi na kule kwa TANECU, chama kingine kama hicho, wakulima wamekubali bei au wamegoma. Tangu msimu wa 2024/2025 minada hiyo inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, kwa hiyo hata neno "mtandaoni" halimtishi mtu tena. Si ajabu basi mwenye nyumba Chuno au Mitwero akajiuliza: korosho zinauzwa hivi, nyumba yangu ina kasoro gani?

Haina kasoro. Ila kwenye korosho mzigo umeshapimwa na uko ghalani, chama kimesimama kati yako na mnunuzi, na mnunuzi hapakii gunia kabla hajalipa. Kwenye nyumba kazi hizo zote tatu zinabaki kwako. Tovuti inakutafutia bei, basi. Hatari nyingi za muuzaji zinakaa kwenye kile kipindi cha baada ya dau kushinda na kabla fedha haijatulia kwenye akaunti, na nyingi zinazibwa kabla tangazo halijapanda hewani.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya picha

Wengi huanza kwa kufagia uwanja na kupiga picha. Wewe anza Ofisi ya Ardhi ya Mkoa (tangu 2020 kila mkoa una yake) na uombe upekuzi rasmi wa hati. Ndiyo, hati yako mwenyewe. Utashangaa yanayokutwa humo: jina la katikati limeandikwa tofauti na la kitambulisho cha NIDA, rehani ya mkopo uliomaliza kulipa zamani lakini benki haijaifuta kwenye daftari, au zuio lililowekwa na ndugu ambaye mnasalimiana naye kila Ijumaa. Mambo hayo yakigunduliwa na wakili wa mnunuzi baada ya dau kushinda, mnunuzi ndiye mwenye nguvu. Atakuomba upunguze bei au umrudishie fedha, na tovuti itasema ni wewe uliyevunja masharti.

Hapohapo uliza deni la kodi ya pango la ardhi, maana hati haihami ikiwa na deni. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU siku hizi, lakini kama nyumba imekaa bila mtu muda mrefu, hakikisha hakuna limbikizo kwenye mita.

Kama huna hati, una barua ya toleo au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, nyumba inauzika, ila mnadani itauzika vibaya. Mnunuzi wa mbali anayeona "haijapimwa" anashusha dau mara moja. Ukiweza, maliza upimaji na urasimishaji kwanza. Ukishindwa, walete majirani wa mipaka wote waonyeshe mpaka, wasaini mbele ya mwenyekiti, na uiseme hali hiyo wazi kwenye tangazo. Kwa nyumba iliyoko kwenye ardhi ya kijiji mambo ni mengine kabisa: inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ina kauli, na kuiweka mtandaoni kwa kila mwenye simu kabla kijiji hakijaelezwa ni kutafuta kesi. Wenye nyumba kongwe za Mikindani nao wapite Idara ya Mambo ya Kale, wajue mnunuzi ataruhusiwa kubomoa nini. Mtu akinunua kwa nia ya kujenga ghorofa halafu akazuiwa, atakufuata wewe.

Halafu mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kusema "amekubali kwa mdomo" hakutoshi. Aandike, asaini mbele ya wakili, aambatanishe kitambulisho. Mwenye wake zaidi ya mmoja ajue kwamba anayehusika hapa ni mke anayeishi kwenye nyumba hiyo, hata kama hati ina jina la mume peke yake.

Nyumba ya urithi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba nyingi zinazouzwa huku kwetu ni za marehemu.

Mtindo siku hizi ni huu. Baba amefariki, watoto wako Dar, Dodoma na mmoja ng'ambo, nyumba ya Ligula amebaki shangazi na wapangaji wawili. Kijana mmoja mwenye kujua simu anaipiga picha alipokuja likizo, anaiweka kwenye tovuti ya mnada. Siku ya tatu mtu anatupa kiungo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Jamani, hii si nyumba ya mzee?" Kuanzia hapo hakuna mnada tena, kuna kikao. Na dau limeshafika milioni arobaini na mbili.

Anayeweza kuuza nyumba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwanza anatakiwa aingizwe kwenye daftari la hati kwa cheo hicho ndipo ahamishe kwenda kwa mnunuzi. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia kupata uteuzi, lakini peke yake hauuzi nyumba. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nayo haiuzi. Kwa familia zetu za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako ukoo unafuata upande wa mama, mjomba anaweza kuwa na neno zito barazani ingawa jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Kisheria saini yake haihitajiki. Kwa uzoefu wa namna mambo yanavyokwenda hapa, mwiteni kabla ya tangazo, kwa sababu msipomwita atafika siku mnunuzi anakuja kukagua, na mnunuzi akiona wazee wamekaa kwenye mkeka mlangoni wakiwa na hoja, anageuza gari.

Msimamizi naye akumbuke kwamba fedha ya nyumba si yake. Anatakiwa kurudisha hesabu mahakamani: mali ilikuwa nini, imeuzwa bei gani, nani amepata nini. Bei ya mnada uliofungwa usiku na wapandisha dau wawili ni ngumu kuitetea mbele ya hakimu pale mrithi mmoja anapolalamika nyumba imetupwa. Kama ni nyumba ya urithi, maoni yangu ni haya: tangazeni mtandaoni, msiinadi. Pokeeni bei, mjadili, mkubaliane, muandikishe.

Hatua ya pili: ijue tovuti kabla haijakujua

Kuna mambo matatu yanayoitwa mnada wa mtandaoni, na hayafanani.

La kwanza ni ubao wa matangazo: Jiji, Facebook Marketplace, kurasa za Instagram, makundi ya WhatsApp ya madalali. Mtu anaandika "mwenye dau kubwa anachukua", lakini hakuna anayefungwa na lolote. Hatari yake ni kupoteza muda na kukutana na matapeli. La pili ni mnada wa mkopo ulioshindikana, ambao benki inauza kupitia dalali. Huo una utaratibu wake na kama nyumba yako iko huko unahitaji wakili, huu mwongozo hautoshi. La tatu ndilo tunalolizungumzia hasa: tovuti yenye masharti, saa inayohesabu kurudi nyuma na kitufe cha kuweka dau.

Swali la kwanza kwa tovuti ya namna hii: je, dau linafunga? Nchi zilizozoea biashara hii zenyewe hazijibu sawasawa. Kwenye eBay ya Marekani, dau la nyumba au kiwanja halimfungi mtu kisheria. Ni njia ya kuonyesha nia. Uingereza, kwenye mnada wa kawaida, nyundo ikishuka mkataba umefungwa, mshindi analipa asilimia 10 na kwa kawaida anapewa siku 28 kumaliza; akishindwa, asilimia 10 inapotea. Kwetu, Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi na wenye saini ndipo uweze kudaiwa mahakamani, hivyo kubonyeza kitufe peke yake ni msingi mwembamba wa kumshtakia mtu aliyeingia mitini. Sasa soma masharti uone kama ubaya uko upande wako tu. Kuna tovuti ambazo mshindi akikimbia hapati adhabu zaidi ya kufungiwa akaunti, ila muuzaji akijitoa anadaiwa asilimia ya bei.

Swali la pili: dalali mwenye leseni ni nani? Kunadi mali ya mtu mwingine hapa nchini ni kazi ya leseni chini ya Sheria ya Madalali, na sheria hiyo inataka mnada wa ardhi utanguliwe na tangazo la siku zisizopungua 14, kwenye mji mkuu wa wilaya ardhi ilipo na mahali pa mnada, na tangazo liwe kwa Kiswahili pia. Sheria ni ya zamani, ya enzi za kengele na kipaza sauti, lakini ipo. Tovuti inayokuambia "tunafungua leo, tunafunga Jumapili" haijaisoma. Tafuta jina la kampuni kwa msajili wa kampuni, BRELA, uliza ofisi iko mtaa gani, uone leseni. Ukijibiwa kwa emoji ya mikono miwili, achana nao.

Baadaye chukua masharti uyasome ukiwa na kalamu. Angalia muda wa kufungwa: ukikubali siku 90 za "sisi peke yetu", jirani akija na fedha taslimu siku ya kumi huwezi kumuuzia bila kuwalipa wao. Angalia nani analipa kamisheni na inakatwa kwenye nini. Tovuti nyingi zinatangaza "muuzaji halipi kitu", kisha zinamtoza mnunuzi ada juu ya bei. Ada hiyo unailipa wewe tu, kwa sababu mwenye milioni 60 mfukoni anahesabu ada kwanza halafu ndipo anapanda dau hadi milioni 57. Angalia fedha ya mnunuzi inapitia kwa nani. Kama inaingia kwanza kwenye akaunti ya tovuti, uliza inakaa siku ngapi na ni nini kitakachowalazimisha kuitoa. Angalia mwisho sheria ya nchi gani inatumika. Mgogoro wa nyumba ya Lindi unaopelekwa kwa msuluhishi wa ng'ambo kwa Kiingereza umeshaupoteza.

Hatua ya tatu: bei yako ya mwisho

Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei zilizoletwa mnadani, na korosho zikabaki ghalani. Haki hiyo ya kukataa ndiyo unayoihitaji. Kwenye tovuti inakuja kama bei ya chini iliyofichwa: dau lisipoifikia, hakuna mauzo. Tovuti isiyokuruhusu kuiweka, au inayokutoza zaidi ukiiweka, usipeleke nyumba. Wengine watakushauri uanze na bei ya chini kabisa bila kizuizi ili "watu wachangamke". Ushauri huo una maana penye watu. Dar kunaweza kuwa na wapandisha dau ishirini kwa nyumba ya Mbezi. Kwa nyumba ya Mangamba, ukipata watatu wenye nia ya kweli umebahatika, na wawili kati yao huenda wanajuana na wameshakubaliana nani apande na nani anyamaze. Hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko utapeli wote, na ndiyo isiyozungumzwa: mnada halali, tovuti safi, mnunuzi mkweli, na nyumba imekwenda kwa bei ya kangomba, ile ya walanguzi wa korosho.

Bei yenyewe itokane na mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake utaihitaji hata hivyo wakati wa kuhamisha, ikishapitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo ilipie mapema uitumie mara mbili. Usiitoe bei kwenye uvumi. Mtwara tulishaona, gesi ilipopamba moto kati ya 2012 na 2014, watu wakitaja bei za Masaki kwa nyumba za Shangani. Bomba lilipokamilika 2015 na wageni wakapungua, nyumba nyingi zikabaki na mbao za "inauzwa" zikipauka. Lindi nako kila habari ya mradi wa gesi asilia wa Likong'o ikisomwa redioni, viwanja vinapanda siku hiyohiyo. Mthamini hathamini redio.

Panga na msimu. Fedha ya korosho ikiwa mikononi, kuanzia Novemba hadi Januari hivi, ndipo wanunuzi wa ndani wa mikoa hii wanapojenga na kununua. Aprili na Mei ni masika, watu wamelipa ada za shule na palizi, na barabara ina tabia zake: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zilikatika, mtandao ukawa wa kusuasua nchi nzima. Mnada unaofungwa siku kama hizo unafungwa bila wanunuzi, na masharti hayana huruma na mawingu.

Saa nayo. Tovuti ikiandika 11:00 inamaanisha nini? Wapo wanaosoma saa kumi na moja. Wapo wanaokuta mnada ulifungwa kwa saa za Marekani, saa tisa usiku kwetu, wateja wote wa Masasi wamelala. Andika kwenye tangazo kwa maneno: "utafungwa Jumamosi saa mbili usiku kwa saa za Tanzania", na uchague tovuti inayoongeza dakika kila dau jipya linapoingia mwishoni.

Jambo dogo ambalo limekuwa kubwa: bei iwe ya shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za 2025 zinakataza kutangaza bei kwa dola hapa nchini, hata kama tovuti yenyewe ya nje inaonyesha dola kwa mazoea.

Hatua ya nne: tangazo lisilokuchuuza

Piga picha mchana, nje na ndani, pamoja na ufa wa ukutani na dari lililovuja. Kasoro iliyoonyeshwa haiwezi kutumiwa kukushushia bei baada ya mnada. Ondoa kwenye picha televisheni, picha za watoto, na funguo zilizoning'inia mlangoni. Usiweke picha ya hati. Namba ya kiwanja, namba ya hati na saini yako vikiwa hewani, tapeli anatengeneza hati ya bandia na kuiuza nyumba yako kwenye tovuti nyingine kwa nusu ya bei. Wewe utajua siku familia ngeni inashusha godoro getini. Andika jina la tovuti na tarehe juu ya kila picha, katikati, siyo pembeni panapokatwa kirahisi. Na mara moja kwa wiki litafute tangazo lako kwingine kwa picha.

Waambie wapangaji kabla hujatangaza, na useme kwenye tangazo mikataba yao inaisha lini. Mpangaji mwenye mkataba haondolewi kama bati la zamani.

Hatua ya tano: nani huyu aliyeshinda

Mpigie simu kabla hujafurahi. Mwombe kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, na aje mwenyewe au amtume mtu mwenye mamlaka ya uwakili yaliyosajiliwa. Uliza uraia wazi, bila aibu. Tuko jirani na Msumbiji, watu wameoleana pande zote za Ruvuma, na mtandaoni hakuna anayeona pasipoti. Asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu. Ukimuuzia kienyeji kwa jina la shemeji yake, mauzo hayo yanaweza kubatilishwa wakati umeshaila fedha.

Kisha mkataba wa maandishi, mbele ya wakili, ndani ya siku chache. Humo andikeni bei, tarehe ya mwisho ya kulipa, arbuni ni kiasi gani na inapotea lini, nani analipa kodi ipi, na nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu au na watu.

Hatua ya sita: fedha

Mazungumzo haya yanakuja kwa sura nyingi, ila muziki wake ni mmoja:

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyeshinda nyumba ya Magomeni."

"Marahaba mwanangu. Hongera."

"Asante mama. Nimeshaingiza milioni tano ya kishika uchumba, hii hapa risiti ya benki. Kuna mdogo wangu yuko hapo Mtwara na gari, naomba umpatie funguo na hati akatoe kopi tu, jioni anarudisha."

Mama anaangalia risiti: nembo ya benki, jina lake limeandikwa sawa, tarehe ya leo. Inapendeza. Lakini ni picha, na picha ya risiti inatengenezwa kwenye simu kwa dakika chache. Jibu sahihi ni fupi: "Sawa mwanangu, ngoja niulize benki." Anayesema kweli atasubiri. Mwingine ataanza kuharakisha, atamtaja Mungu, atasema anapanda ndege. Ipo na sura ya pili, ya "nimekosea mama, nimetuma nane badala ya tano, nirudishie tatu", ambapo hiyo nane haikuingia kamwe au iliingia kwa hundi itakayorudi. Sura ya tatu inajifanya ni tovuti yenyewe: lipa laki tatu na nusu "kufungua muamala". Muuzaji halipi ili alipwe.

Pokea fedha kwa uhamisho wa benki kwenda benki. Kwa kiasi kikubwa ni kwa TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kati ya benki, na uthibitishe kwa kuona salio lako mwenyewe au kwa kuingia tawini. Hundi usiihesabu mpaka benki iseme imepita. Usikubali sehemu kwa benki, sehemu kwa simu, sehemu mkononi "ili kodi ipungue": siku ya ugomvi utathibitisha ile ya benki tu, na mnunuzi anaweza kudai bei ilikuwa hiyohiyo.

Hati halisi na fomu za kuhamisha zilizosainiwa zikae kwa wakili mnayemkubali wote wawili mpaka fedha yote iingie. Mnunuzi anaogopa kulipa bila hati, wewe unaogopa kutoa hati bila fedha, na wakili ndiye anayelipwa kwa ajili ya woga huo. Mnunuzi akitumia mkopo, benki yake itoe ahadi ya maandishi ya kukulipa kabla hati haijaondoka.

Hatua ya saba: kodi na kuhamisha

Tuseme umeuza nyumba ya kupangisha kwa milioni 60. Kiwanja ulinunua milioni 8, ujenzi ukala milioni 37, na risiti unazo. Faida ni milioni 15 kabla hujatoa gharama za kuuza kwenyewe. Kwa mkazi, kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida, yaani isiyozidi milioni 1.5, na inalipwa kabla ya uhamisho kukamilika. Asiye mkazi ana kiwango kikubwa zaidi. Kamisheni ya tovuti ikiwa asilimia 4, hiyo ni milioni 2.4 nyingine. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi ina msamaha faida isipozidi milioni 15, kwa hiyo usilipe kwa mazoea, uliza TRA. Usipokuwa na risiti za ujenzi hesabu inageuka, mara nyingi kwa hasara yako, kwa hiyo tafuta hata daftari la fundi. Na nyumba ikiwa imekwenda kwa bei ya chini sana mnadani, TRA wanaweza kuangalia thamani ya mthamini badala ya bei ya nyundo. Utalipia kodi fedha ambayo hukuiona.

Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi. Fomu za ardhi ni namba 29, 30 na 35. Wakili anazijaza, wewe soma jina na bei kabla ya kusaini. Akitokea kiongozi wa mtaa anayedai asilimia kumi ya mauzo, mwombe kwa heshima akuonyeshe kifungu cha sheria na risiti ya serikali.

Mambo yakiharibika, mahali pa kwenda ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kusikiliza mgogoro wa nyumba hadi ya shilingi milioni 300. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu. Kama ni utapeli, nenda polisi siku hiyohiyo ukiwa na simu yenyewe, meseji zikiwa hazijafutwa.

Baada ya fedha kuingia na fomu kusainiwa, kabidhi nyumba kwa maandishi: idadi ya funguo, namba ya mita ya LUKU na uniti zilizomo, hali ya tanki la maji. Mpeleke mnunuzi kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa pande zote. Fuatilia mwenyewe kuona jina lako limetoka kwenye daftari na kwenye ankara ya pango la ardhi, kwa sababu wapo walioendelea kudaiwa kodi ya nyumba waliyoiuza. Kisha rudi mtandaoni. Futa tangazo kwenye tovuti, kwenye kila kundi ulilolituma, na waandikie tovuti wafute nakala ya kitambulisho chako na ya hati walizokuomba wakati wa kujisajili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa nguvu ya kuwadai hivyo. Wasipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiambatanisha barua pepe uliyowaandikia.